Bega Halikakamai Siku ya Mwisho ya Mionzi

Kila Oktoba, kampeni ya saratani ya matiti ikishika kasi, kitengo chetu cha fiziotherapia hupokea lalamiko lilelile: "Mionzi nilimaliza mwaka jana, nikawa mzima. Mbona bega linakakamaa sasa hivi?" Ndugu, halijaanza sasa hivi.

Msuli ni mvumilivu. Nyuzi zake kwa mtu mzima hazigawanyiki kama seli za ngozi, ndiyo maana ngozi hubadilika rangi na kuchubuka ndani ya wiki chache, huku msuli ulio chini yake ukikaa kimya. Wanaoumia ni seli za akiba zilizojibanza pembeni mwa nyuzi hizo, ambazo hugawanyika ili kukarabati msuli ulioumia. Mionzi huzipunguza. Vijishipa vya damu navyo huharibika, na taratibu palipokuwa laini panajaa kovu. Huweza kuchukua miezi, hata miaka. Kwa saratani ya titi, msuli mpana wa kifua umo njiani mwa mionzi. Kwa saratani za koo, mara nyingi ni misuli ya taya. Mgonjwa wa koo ajipime kila asubuhi: vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, vipite kati ya meno ya mbele. Vikianza kupita viwili tu, aje.

Sasa utaratibu. Wakati wa kutibu kifua, mkono huinuliwa juu ya kichwa ukaegemezwa kwenye kishikio. Mkao wa siku ya picha za kupanga matibabu ndio utakaokaa kila siku, ziwe siku 15 au 25, na alama za ngozini ndizo zinazotuongoza. Usizisugue, wala usizikolezee mwenyewe kwa kalamu. Yupo aliyefanya hivyo akidhani anatusaidia. Bega lililokakamaa baada ya upasuaji halifiki pale juu. Picha zinaahirishwa, unarudishwa kwetu kunyooshwa, na nafasi yako kwenye mashine anapewa aliye tayari. Si adhabu, japo wengi huiita hivyo. Kuruka siku katikati ya matibabu ni kubaya zaidi, kwa sababu inabidi zifidiwe kwa hesabu mpya, na kwa saratani ya mlango wa kizazi tunataka mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki 8. Ukifiwa, piga simu kabla ya kusafiri, si baada ya arobaini.

Kwenye uzito naomba tusikilizane. Familia humshindilia mgonjwa chapati na soda "arudishe mwili", anaongezeka kilo kadhaa, nyumba nzima inafurahi. Mizani haijui kutofautisha mafuta na msuli. Mtu mnene anaweza kuwa na msuli hafifu kuliko mwembamba wa rika lake, kwa kuwa mafuta hupenya hadi ndani ya msuli na kuufanya usiitikie insulini vizuri. Mwili huo unaingia kwenye mionzi ukiwa na akiba ndogo ya kujikarabati, na ngozi ya mkunjo ulio chini ya titi kubwa huchubuka upesi. Simwambii mtu ajinyime chakula katikati ya matibabu. Apunguze soda, aongeze dagaa, maharage na mayai. Kipimo chetu ni kiti: kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano. Zikizidi sekunde 15, tunaanza na mapaja.

Bado naambiwa mwenye mkono uliovimba baada ya matibabu ya titi asibebe hata mkoba. Mwaka 2009, Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 wenye uvimbe huo. Walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakipandisha uzito polepole, mikono yao haikuvimba zaidi ya wenzao, na uvimbe kuwalipukia upya kulipungua. Kwa hiyo tunashauri kutembea kwa haraka nusu saa, mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akipandisha vidole ukutani na kuchora mstari kwa chaki yake ya kukatia nguo pale vilipogota. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu. Wiki ya saba alikuja kunieleza kwamba amesimama kwenye daladala kutoka Mbagala akiwa ameshika bomba la juu kwa mkono uleule.

Usikande sehemu iliyopigwa mionzi kwa maji ya moto. Ngozi ile huungua kirahisi. Na kwa mara nyingine: mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Mbebe mjukuu wako. (Waliopewa ayodini ya mionzi wana masharti yao, wayafuate.)

Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, mwenye homa au aliyeambiwa damu yake imeshuka asianze mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Wengine njooni na faili, blauzi ya vifungo vya mbele na khanga. Mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi inasema mwezi ujao.