Namba za GPS zinaporukaruka chomboni: dhana potofu na ukweli

GPS ya chomboni ikianza kuyumba, lawama hupelekwa angani: setilaiti zimeharibika, mawingu yamezuia, wenye mitambo wamebana mawimbi ya redio ya setilaiti. Mara nyingi kosa limo humohumo chomboni, mita chache kutoka kwenye usukani. Kulitafuta kunahitaji subira, lakini kuna maana, kwa sababu nahodha aliyeacha kuiamini GPS yake na yule anayeiamini kupita kiasi wote wanaweza kuupanda mwamba.

"Marekani huvuruga mawimbi makusudi."
Zamani ilikuwa kweli, kwa kuwa GPS ni mali ya Marekani. Watumiaji wa kiraia walipewa mawimbi yaliyotiwa kosa la makusudi, na nafasi iliweza kupotoka kwa takriban mita 100. Utaratibu huo ulikomeshwa Mei 2000. Tangu hapo kipokezi cha kawaida penye anga wazi hutoa nafasi yenye kosa la mita chache tu. Kwa hiyo kinachoyumba kwa mita 50 kina sababu nyingine.

"Ni mawingu na mvua."
Mawimbi makuu ya GPS, ya megahezi 1575.42, hupenya mawingu na mvua bila shida ya kutajwa. Kinachoyasumbua huko juu ni ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, hasa wakati wa dhoruba za jua, na katika maeneo ya karibu na ikweta baada ya jua kuzama. Dalili yake ni kwamba vyombo vya jirani navyo huyumba wakati huohuo, kisha hali hutulia yenyewe.

"Antena ikiwekwa juu ya mlingoti itapokea vizuri zaidi."
Hii ndiyo dhana inayoharibu usakinishaji mwingi. Setilaiti ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, hivyo mita 15 za mlingoti hazisogezi chochote. Zinachoongeza ni mrama. Chombo kikilala nyuzi 20, antena iliyo kwenye kilele cha mlingoti wa mita 15 husogea mita 5 upande mmoja, kisha 5 upande wa pili. Kipokezi kinapima sawasawa kabisa. Antena ndiyo inayozunguka angani, na kasi na mwelekeo vinarukaruka kwenye skrini. Ifunge chini, kwenye reli ya tezi (nyuma ya chombo) kwa mfano, mahali inapoliona anga pande zote, nje ya miale ya rada na angalau mita moja kutoka antena ya redio ya VHF. Paa la plastiki ya nyuzi za kioo si kikwazo kikubwa, lakini la chuma litaiziba.

"Setilaiti ni nyingi, basi hakuna tatizo."
Nne zinatosha kupata nafasi kamili, ila zikiwa zimejikusanya upande mmoja wa anga nafasi hutetereka. Fungua ukurasa wa setilaiti na usome HDOP, namba inayoonyesha jinsi setilaiti zilivyotawanyika angani: ikiwa karibu na 1 ni nzuri, ikipita 4 au 5 uwe mwangalifu. Kisha tazama mistari ya nguvu ya mawimbi. Yote ikiwa mifupi kwa pamoja, shuku antena, waya wake, au kelele za umeme.

Kelele hizo hazipewi uzito unaostahili. Mawimbi ya GPS hufika yakiwa dhaifu mno, na kifaa kidogo chomboni chaweza kuyafunika. Mwaka 2001, katika bandari ya Moss Landing, California, GPS ilikuwa haipatikani kwa sababu ya antena za televisheni zenye vikuza mawimbi zilizofungwa kwenye boti. Taa za LED na chaja za bei nafuu zinaweza kuleta balaa kama hilo.

Jaribio ni hili. Zima kila kitu, injini pia, uiache GPS peke yake. Subiri mistari itulie. Washa kifaa kimoja, ngoja dakika mbili huku ukiitazama mistari, kisha washa kingine. Ikianguka mara tu taa za ndani zinapowaka, umempata mwizi wako. Injini ifuate mwisho, na hapo shika multimita upime volti kwenye plagi ya GPS yenyewe, si kwenye betri. Betri iliyotulia inaweza kusoma 12.6, na bado plagi yenye kutu ya kijani ikazama kuelekea 10 stata inapozunguka. Kifaa kinajizima na kuanza upya. Chuna ganda la waya kidogo: shaba ikiwa nyeusi ndani, chumvi imeshaingia, na kusafisha ncha hakutasaidia.

"Nikiwa nangani mshale unazunguka, kwa hiyo GPS imekufa."
Haijafa. Kwa GPS, mwelekeo ni wa mwendo. Chombo kikisimama, kinachobaki ni mtetemo wa mita chache. Elekeo la omo (mbele ya chombo) uliza dira.

"Inaruka kati ya sehemu mbili, nunua mpya."
Ikiruka kati ya sehemu mbili zilezile, hesabu kwanza vipokezi. Skrini, AIS (kifaa kinachotangaza nafasi ya chombo kwa vyombo vingine) na antena ya nje kila kimoja kinaweza kuwa kinatuma nafasi yake kwenye mtandao mmoja. Chagua chanzo kimoja kwenye mpangilio. Katika NMEA 2000, mtandao wa waya unaounganisha vifaa vya chomboni, zima umeme kisha pima kati ya waya mweupe na wa bluu: omu 60 ni sawa, 120 maana yake kikomo kimoja cha mwisho wa waya (terminator) kimekosekana.

Nafasi iliyohama kwa umbali uleule daima ni jambo jingine. Hiyo ni tofauti ya ramani na WGS 84, mfumo wa nafasi unaotumiwa na GPS, na hairekebishwi kwenye antena.

"Mawimbi yakiwa na nguvu, nafasi ni ya kweli."
Juni 2017 karibu na Novorossiysk, kwenye Bahari Nyeusi, meli kadhaa zilionyeshwa ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Mawimbi bandia huja na nguvu tele. Nafasi ikiruka maili kadhaa huku mistari ni mirefu, zima usukani wa otomatiki kwanza, shika dira, linganisha kina na ramani, pima alama za nchi kavu au rada, kisha wajulishe walio karibu kwa VHF.