Ukitaka kuona chuo Dodoma, njoo kabla ya matokeo

Kazi yangu ni kuwashauri vijana wa kidato cha sita wanapochagua kozi na chuo. Wengi hupanga kuja Dodoma matokeo yakishatoka mwezi Julai, dirisha la maombi likiwa wazi. Mimi nawaambia waje mapema zaidi, kati ya mtihani wa Mei na matokeo. Kwa kawaida vyuo huwa bado vipo muhula wa pili. Ukichelewa, wanafunzi wameshaenda likizo au mafunzo kwa vitendo, na utaoneshwa majengo tu. Kalenda hubadilika, kwa hiyo piga simu ofisi ya udahili kwanza na uwaulize wiki ya mitihani ni lini, uiepuke. Safari yenyewe siyo ngumu: mabasi ni mengi, na tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam.

Ninaowahurumia zaidi ni wanaokuja kuona UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Hupiga picha Chimwaga, mahali chuo kilipoanzia mwaka 2007, wakageuza. Chuo kile kimetandaa kwenye takribani hekta 6,000, na kila ndaki, yaani kitengo kikubwa cha masomo ndani ya chuo, ina madarasa na hosteli zake. Anayeomba kozi ya kompyuta maisha yake yatakuwa CIVE, ndaki ya kompyuta. Anayeomba ualimu, Ndaki ya Elimu. Nenda kwenye ndaki yako. Tembea kwa miguu kutoka hosteli hadi darasani, kisha mahali pa kula, mchana jua likiwa kali. Anayelenga udaktari au uuguzi asiondoke bila kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo hapo hapo chuoni.

Kisha keti kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanapojisomea wanafunzi, salimia, utafute mwanafunzi wa mwaka wa pili. Huyu ameshapitia sapu (mitihani ya marudio) za mwaka wa kwanza na bado anakumbuka alivyoingia mgeni. Muulize maji yanatoka bombani kila siku? Watu wanabebana hosteli, yaani kulala wawili kitanda cha mmoja? Mwaka wa pili ulipata chumba, au ulihamia geto, chumba cha kupanga nje ya chuo? Wengi hupanga Ng'ong'ona, jirani na chuo. Nenda ukaone chumba, uulize kodi ya miezi mingapi inatakiwa mkononi, na usiku ukitoka maktaba unarudi na nani. Mzazi, hapa nakuomba usogee pembeni kidogo. Kijana akiwa peke yake ataambiwa mambo ambayo mbele yako hayasemwi.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichopo ilipokuwa shule ya Mazengo, ni kidogo na hakiko mbali na mjini. Asubuhi moja inatosha.

Malizia ofisi ya udahili ukiwa na jina kamili la kozi. Kigezo cha jumla cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa kiwango kikuu kwenye masomo mawili ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4.0, lakini kozi nyingi zinataka masomo maalumu, na hapo ndipo wengi hukwama. Mkopo unaombwa HESLB, Bodi ya Mikopo, siyo chuoni. Hata hivyo, pitia dawati la mikopo la chuo uulize bumu (hela ya kujikimu itokayo kwenye mkopo) la mwaka wa kwanza huingia baada ya muda gani tangu kufungua, ili mzazi ajue ampe mwanawe hela ya kula ya wiki ngapi.