Usita wa Mui Nao ni Barabara: Fedha za Uchukuzi na Uhifadhi wa Mji wa Kale

Wenye nyumba za kale wanaokuja ofisini kwetu hapa Lamu huja na swali lile lile: "Makavazi, taasisi ya taifa inayotunza turathi, yana fungu gani mwaka huu?" Wana haki kuuliza, ila mara nyingi kilichopo hakitoshi hata paa moja linalovuja. Miaka niliyofanya kazi ya uhifadhi imenifanya niamini kwamba tunabisha mlango mmoja tu. Mlango wa pili ni wa fedha za uchukuzi, nao tunaupita kana kwamba hautuhusu.

Utazame mji wenyewe. Usita wa Mui, njia kuu inayounganisha Mkomani na Langoni, ulipimwa kwa bega la mtu na shehena ya punda. Ngome iliyomalizwa mwaka 1821 ilijengwa ukingoni mwa maji ili ilinde vyombo na bidhaa zao. Leo iko ndani kidogo kwa kuwa ufuo umejazwa. Boriti za mikoko zililetwa kwa mashua na majahazi, na vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, haivutiki. Ukiondoa safari za bahari na za punda, hutaweza kueleza kwa nini mji huu una umbo hili. UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sehemu kubwa ya urithi huo ni njia, madiko na gati.

Marekani walilielewa jambo hili baada ya hasara kubwa. Kuanzia mwaka 1956, serikali kuu ilipoanzisha mfuko wa barabara kuu unaojazwa na kodi ya mafuta, barabara pana zilikatwa katikati ya mitaa mingi ya zamani. Huko New Orleans ulikuwapo mpango wa kupitisha barabara ya juu kwa juu kando ya mto Mississippi, mbele ya mtaa wa kale wa French Quarter. Mtu wa Lamu na aifikirie barabara ya zege juu ya nguzo, imepita baina ya nyumba za pwani na bahari. Wenyeji walipambana kwa miaka, na mwaka 1969 waziri wa uchukuzi, John Volpe, akaufuta mradi. Waliopinga walikuwa na silaha: sheria mbili za mwaka 1966. Moja iliagiza mradi wowote wa fedha za serikali kuu uchunguzwe athari zake kwa mahali pa kihistoria kabla ya fedha kutolewa. Ya pili iliikataza wizara ya uchukuzi kupitisha barabara penye bustani ya umma au mahali pa kihistoria, ila pale isipopatikana njia nyingine ya busara.

Lakini kuzuia ubomoaji hakujengi ukuta uliokwisha kuanguka. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1991, kwa sheria mpya ya uchukuzi iliyoagiza kila jimbo litenge asilimia 10 ya fungu lake moja kubwa la fedha za barabara kwa kazi kama njia za waenda kwa miguu, mandhari na uhifadhi wa mambo ya kale. Stesheni za reli zilizoachiwa popo, madaraja ya zamani na mifereji ya mashua vikapata mahali pa kuombea fedha. Mwaka 2012 mpango ulibadilishwa na kubanwa, na upande wa turathi ukaelekezwa zaidi kwenye majengo na miundo iliyokuwa ya uchukuzi. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ikaweka tena kiwango cha asilimia 10. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kidogo. Fungu likishaandikwa katika sheria, mwenye stesheni mbovu haombi hisani ya mtu. Anaomba sehemu ya kitu kilichokwisha kutengwa.

Masharti yake si mepesi. Kwa kawaida serikali kuu hubeba asilimia 80 ya gharama, na mwombaji, kwa mfano halmashauri ya mji, hutafuta 20 iliyobaki. Fedha hazitolewi mkononi mwanzoni: unafanya kazi, unalipa, unapeleka hesabu, ndipo unarudishiwa. Ukianza kazi kabla ya idhini, hiyo ni gharama yako. Na lazima uonyeshe uhusiano na uchukuzi. Jengo kuwa kuukuu kando ya barabara hakutoshi.

Kwetu Kenya kuna ushuru wa matengenezo ya barabara katika kila lita ya petroli na dizeli, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024. Sheria imeipa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori asilimia 1 ya mfuko huo kwa barabara za mbuga. Nalifurahia hilo kwa dhati, kwa sababu linaonyesha kwamba mlango si wa chuma: nchi ilikwisha kukubali kuwa mahali pa thamani ya pekee panastahili fungu lake. Mji wa kale hauna fungu kama hilo. Nasema wazi kwamba unastahili kuwa nalo.

Hata kabla ya sheria kubadilika, Katiba imetuachia nafasi. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini barabara za kaunti, feri na bandari ndogo ni kazi ya kaunti. Basi kuta za Ngome ni za Nairobi, na usita unaopita mlangoni pake ni wa kaunti. Diko linapotengenezwa na mtaro unapozibuliwa, ile ni bajeti ya uchukuzi inayogusa turathi, tupende tusipende.

Nayo ikigusa vibaya, hudhuru. Nimeona njia ikiwekwa kabro, matofali ya saruji ya kutandika njia, juu ya sakafu ya zamani mpaka ikapanda kuliko kizingiti. Mvua ya masika ikija, maji hayana pa kwenda ila ukutani. Jiwe la matumbawe hunywa maji kama sifongo. Likiwa limepakwa chokaa, hukauka, kwani chokaa hupumua. Likiwa limepigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza polepole bila mwenye nyumba kujua. Fundi wa njia hakukusudia ubaya, hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana mhifadhi anatakiwa awepo tangu ramani ya kwanza, si siku ya kukata utepe.

Sauti ya wenyeji ina uzito, na hilo limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, iliona kwamba haki za wenyeji, ikiwemo ya utamaduni, zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi, hata hivyo, huja baada ya jeraha. Bajeti huja kabla.

Kwa hiyo kamati za mitaa, vikundi vya manahodha, wenye punda na wenye nyumba, jiandaeni mapema. Pigeni picha za njia na diko, pimeni urefu na kina cha mitaro, andikeni nani hupita hapo na kwa shughuli gani, kisha pateni barua ya makavazi kuhusu thamani ya mahali. Chokaa na iandikwe ndani ya makadirio kwa jina lake, la sivyo mkandarasi ataleta saruji. Mpango wa mwaka wa maendeleo wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Mradi usiomo katika mpango wa Septemba hupata taabu sana kuingia Aprili, kwa hiyo karatasi zenu ziwe tayari mwezi wa Julai.