Mfereji Mwembamba Kama Unywele Unavyotengeneza Dawa: Maswali na Majibu

Maikrofluidiki ni kitu gani?

Ni ufundi wa kupitisha vimiminika kwenye mifereji yenye upana unaokaribia unene wa unywele, iliyochongwa ndani ya kipande cha kioo, plastiki au mpira wa silikoni. Kipande hicho huitwa chipu.

Chipu! Ndiyo ile iliyovumishwa kuwa imo kwenye chanjo ya UVIKO-19?

Hapana. Hii hubaki maabara. Kinachoingia mwilini ni dawa tu.

Inahusianaje na chanjo, basi?

Chanjo za Pfizer na Moderna hubeba mRNA, yaani molekuli yenye maelekezo ya kuzifanya seli zitengeneze protini, ambayo ikiingia mwilini uchi huharibiwa upesi. Lazima ifungashwe kwa mafuta. Mafuta huyeyushwa katika ethanoli, mRNA katika maji yenye asidi kidogo, kisha vijito viwili hukutanishwa. Ethanoli ikizimuliwa na maji, mafuta hukosa pa kuyeyukia, yakajikusanya pamoja na mRNA kuwa chembe, kwa milisekunde tu. Ukikorogea kwenye chombo cha kawaida, huku kumechanganyika, kule bado: utapata chembe kubwa kwa ndogo, kama ugali wenye madonge. Ndani ya chipu kila tone hupitia safari ileile, na chembe hutoka zikilingana, nyingi chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kuna kituko kidogo hapa. Kwenye mfereji mwembamba vimiminika hupenda kwenda sambamba bila kuchanganyika, kwa hiyo mafundi huchonga matuta sakafuni ili kuvizungusha.

Utafiti hufanyika hivyo. Kiwandani, panapotakiwa mamilioni ya dozi, hutumika vichanganyio vikubwa zaidi vinavyofuata kanuni hiyohiyo.

Na katika kutafuta dawa mpya?

Mwaka 2010 kundi la Donald Ingber wa Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza pafu kwenye chipu: seli za pafu juu ya utando, seli za mshipa wa damu chini yake, na utando ukivutwa na kuachiwa kama mtu anavyopumua. Mwaka 2022 ini la namna hiyo lilijaribiwa kwa dawa 27, likazinasa asilimia 87 ya zile zinazojulikana kudhuru ini.

Kwa hiyo dawa hazijaribiwi tena kwa wanyama?

Bado zinajaribiwa. Desemba 2022 sheria ya Marekani iliondoa ulazima wa kuwatumia wanyama, haikupiga marufuku kuwatumia. Nami naona ni sawa kwa sasa: ini lililo peke yake haliwezi kukuonyesha dawa itaufanya nini moyo.