Je, wajua kwa nini laptop hukimbia raundi za kwanza kisha ikaanza kukwama?

Raundi nne za kwanza za Valorant, gemu ya kufyatuliana risasi mtandaoni, mambo huwa mteremko. Namba ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, pale kwenye kona ya skrini inacheza kwenye 70, bunduki inafuata mkono, na mnataniana kwenye maiki. Ikifika raundi ya saba feni inanguruma, kibodi inachoma vidole, na namba ile ile imeshuka hadi 41. Hujagusa mpangilio wowote. Bando ni lile lile. Kulikoni?

Laptop imejipunguza kasi yenyewe, tena makusudi. Ukielewa kwa nini inafanya hivyo, utaona pia kwa nini dawa mojawapo ni jambo linaloonekana kinyume kabisa: kuinyima nguvu.

Gemu si video iliyokwisha kurekodiwa. Kila picha unayoiona inachorwa papo hapo. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 tu iwe imekamilika. Ukitaka 144, hazifiki hata 7. Ndani ya muda huo prosesa inahesabu nani yuko wapi, nani kafyatua risasi, seva (kompyuta ya mbali inayoendesha mechi) imeleta taarifa gani, kisha inaikabidhi kazi chipu ya grafiki ipake pikseli rangi. Upande mmoja ukichelewa, wa pili unakaa kusubiri, na wewe unaona picha imeganda kidogo halafu ikaruka.

Kazi yote hiyo inakula umeme, na karibu umeme wote unaoingia kwenye chipu hutoka ukiwa joto. Chukua prosesa ya Intel Core i5-8250U, iliyomo kwenye laptop nyingi za ofisi zinazouzwa mtumba, kama ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5. Imetengenezwa kwa kazi ya kudumu ya wati 15. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 1.6, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 3.4 kwa muda mfupi, ikila wati nyingi kuliko hizo 15. Muda huo kwenye prosesa nyingi za Intel za laptop huwekwa sekunde 28, ingawa kampuni inayotengeneza laptop inaweza kuubadilisha. Kufungua ukurasa wa mtandao au faili la Excel hakuzidi sekunde 28, kwa hiyo mtu wa ofisi anafaidi kasi ya juu siku nzima. Mechi ya Valorant, ambako mshindi ni anayefikisha raundi 13, inapita nusu saa bila taabu.

Hicho ni kizingiti cha kwanza. Cha pili ni joto lenyewe. Ndani ya laptop kuna bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni inapuliza hewa katikati yake. Chuma hicho huchukua dakika kadhaa kupata moto wote, na ndiyo sababu raundi za mwanzo hukudanganya. Kikishajaa joto, prosesa inapanda kuelekea nyuzi 100 za Selsiasi, ambazo kwa chipu hiyo ndizo kikomo, na hapo inakata kasi ili isijiunguze. Haikuombi ruhusa wala haikuandikii ujumbe.

Kumbuka pia kwamba feni haizalishi baridi. Inachofanya ni kuondoa joto kwa kutumia hewa ya chumbani, na kadiri hewa hiyo ilivyo ya moto, ndivyo inavyobeba joto kidogo. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, nyuzi 32 na madirisha yamefungwa, kinaidhoofisha laptop ile ile ambayo kule Arusha mwezi Julai ingekuwa shwari. Ongeza godoro lililoziba matundu ya chini, na blanketi la vumbi lililojikunja kwenye mapezi, hutashangaa tena kuona 41.

Sasa tuje kwenye lile jambo la kinyume. Laptop nyingi hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Chipu ya grafiki imo ndani ya prosesa, na zote mbili zinagawana wati zile zile 15. Zinakula sahani moja: prosesa ikijipakulia nyingi, grafiki inalala njaa. Na prosesa ina tabia ya kujipakulia hata pale ambapo haihitaji. Inapanda hadi kasi ya juu, inamaliza sehemu yake mapema, halafu inakaa kuisubiri grafiki iliyonyimwa umeme.

Kasi ya juu ni ghali kuliko inavyodhaniwa. Umeme unaoliwa hupanda kulingana na kasi, ukizidishwa na mraba wa volti, na kasi ikipanda volti nayo hupanda. Ukishusha vyote viwili kwa asilimia 10, umeme unapungua kwa takribani asilimia 27. Yaani unapoteza sehemu ndogo ya mwendo na kuokoa zaidi ya robo ya joto. Hizo wati zilizookolewa grafiki inazichukua, na fremu zinapanda.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, jua kwanza nani anamchelewesha mwenzake. Kipimo chake ni rahisi. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi, subiri laptop ipate moto, soma namba ya fremu. Kisha shusha resolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Umepunguza pikseli kutoka zaidi ya milioni mbili hadi kama laki tisa, chini ya nusu. Fremu zikiruka juu, grafiki ndiyo iliyokuwa inazidiwa. Zikibaki pale pale, mwenye tatizo ni prosesa, na hata ukishusha picha hadi wachezaji wafanane na matofali hutapata kitu.

Kama ni grafiki, nenda kwenye mipangilio ya juu ya umeme ya Windows, tafuta kikomo cha juu cha prosesa, na ukishushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptop nyingi za Intel tofauti hiyo ya asilimia moja inazima kabisa ile kasi ya ziada. Kwa i5-8250U ni kushuka hadi gigahezi 1.6, na hapo prosesa inaweza kugeuka yenyewe kuwa kikwazo, kwa hiyo cheza mechi nzima kabla ya kusifu au kulaani. Kurudisha ni sekunde tano. Laptop mpya kadhaa zimekificha kipengele hiki. Usipokiona, usihangaike, kwa sababu dawa inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi.

Weka ukomo wa fremu. Valorant ina vikomo kadhaa tofauti: cha kila wakati, cha ukiwa kwenye betri, cha kwenye menyu, na cha gemu ikiwa nyuma ya dirisha lingine. Watu wanakiona cha kwanza na kukidharau, maana nani anataka fremu chache? Lakini fikiria kile cha menyu. Ukiwa unachagua mhusika hakuna cha maana kinachotokea, na laptop isiyo na ukomo inachora picha hiyo hiyo kwa kasi yake yote. Mechi inaanza chuma kikiwa tayari cha moto. Weka 30 kwenye menyu. Kwenye mechi weka namba ambayo laptop inaifikia hata ikiwa imechemka. Kama inayumba kati ya 41 na 70, jaribu 50. Kila fremu ikikamilika mapema chipu inapumzika kidogo, na akiba hiyo ya joto inatumika pale moshi, ukuta wa moto na watu watano wanapojaa mlangoni. Macho yanavumilia 50 iliyotulia kuliko 70 inayoporomoka kila unapoonana na adui.

Laptop za gemu zenye kadi ya grafiki ya peke yake zina ugonjwa tofauti kidogo. Jina la kadi halisemi kila kitu: RTX 4060 ya laptop hutengenezwa kwa wati kuanzia 35 hadi 115, hivyo mbili zenye stika moja zinaweza kupishana vibaya. Bila chaja yake halisi, kadi hizi hubanwa sana, kwa sababu betri haiwezi kutoa umeme wote huo kwa usalama. Na wakati mwingine Windows huipeleka gemu kwenye chipu ndogo ya ndani ya prosesa huku kadi ya bei ikiwa imelala. Kwenye mipangilio ya skrini kuna mahali pa kuichagulia kila programu kadi yake.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima ya kompyuta, na laptop nyingi zinauzwa na kipande kimoja. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 ikiwa kipande kimoja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanana, 51.2. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, na laptop ina nafasi ya pili, nunua hiki. Fundi akishaifungua, mwambie apulize vumbi huku ameishikilia feni isizunguke, na abadilishe ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka kati ya prosesa na shaba. Zile programu za bure zinazodai kuongeza fremu kwa kubofya mara moja, achana nazo. Nyingi nazo zinakula RAM ile ile.

Mwisho, usichanganye fremu na pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi. Namba ya fremu ikiwa imetulia lakini adui anaruka kama kigogota na risasi zako hazihesabiwi, tatizo liko njiani kati yako na seva. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka: milisekunde 70 kabla ya kuhesabu mizunguko ya nyaya za baharini na ruta za njiani. Hapo chagua seva iliyo karibu zaidi, chomeka waya badala ya Wi-Fi, na iache mipangilio ya picha kama ilivyo.