SACCOS ikibanwa kifedha, uamuzi ni wa nani?

Malalamiko tunayoyapokea katika ofisi ya ushirika kuhusu SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yanafanana: "Nimeomba akiba yangu, naambiwa nisubiri." Mengine yanatokana na viongozi kuamua mambo mazito kimyakimya. Mengine, tuseme ukweli, yanatokana na wanachama kutosoma masharti ya chama chao.

Mwaka 2020 tuliliona hili kwa karibu. Kwa janga la korona, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Kwa SACCOS za wafanyakazi wa hoteli na utalii, mshahara uliokuwa ukikatwa marejesho ukakosekana, na waliokuwa wakirejesha mikopo ndio hao hao wakaja kudai akiba. Niliketi na bodi moja wakati huo. Mezani palikuwa na daftari la maombi ya kutoa akiba, kurasa nne zimejaa, na taarifa ya benki ambayo salio lake lisingemaliza hata ukurasa wa kwanza. Mwenyekiti alitaka wakope benki haraka, wanachama wasijue, wasije wakaingiwa na hofu.

Nia yake ilikuwa njema, lakini mamlaka hayo hakuwa nayo. Chama hukopa benki au kwingineko ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Ukitaka kuuvuka, itisha mkutano mkuu maalumu: notisi itoke kwa siku zilizotajwa kwenye masharti, ajenda iandikwe wazi, akidi itimie, kura zihesabiwe. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na katibu, uambatane na orodha ya mahudhurio yenye saini, kisha maombi yapelekwe kwa Mrajis. Muhtasari usio na orodha ya mahudhurio tunaurudisha. Kiongozi anayekisababishia chama hasara kwa kukiuka taratibu anaweza kutakiwa kuifidia kutoka mfukoni mwake, na kujiuzulu hakumwondolei wajibu huo.

Bodi ile iliitisha mkutano. Kelele zilikuwepo, na wengine walitoka nje kwa hasira. Lakini baada ya kusomewa hesabu zote, mikopo chechefu (isiyorejeshwa kwa wakati) ikiwemo, wanachama wenyewe walisimamisha mikopo mipya isipokuwa ya dharura, wakaongeza muda wa marejesho, na wakakubaliana akiba itolewe kwa awamu, wenye wagonjwa wakitangulia. Kishindo cha kudai akiba kilipungua baada ya mkutano ule, kabla hata fedha hazijaongezeka.

Sasa kwa wanachama. Hisa si fedha ya kuchukua unapobanwa. Ukiondoka, huhamishiwa mwanachama mwingine. Akiba ndiyo iliyobeba mkopo wako na wa mwenzako uliyemdhamini, hivyo haitoki kama salio la simu. Amana, yaani fedha unayoiweka kwa hiari mbali na akiba, ndiyo unayoweza kuitoa kwa utaratibu mliokubaliana. Tunalieleza hili kila mwaka na bado watu wanakuja ofisini wakidai hisa kwa mkupuo.

Wapo pia wanaoamini kuwa fedha zao za SACCOS zina bima ya amana ya hadi Sh7,500,000. Bima hiyo inahusu benki na taasisi za fedha zinazopokea amana, si SACCOS. Na Benki Kuu iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025, haikuziagiza SACCOS zishushe riba za mikopo. Riba ya chama chenu hupitishwa na ninyi, mkutanoni, mahali ambapo wengi wenu hamhudhurii.

Bodi iliyoanza kuona maombi ya kutoa akiba yakizidi marejesho ya mwezi isingoje mkutano wa mwaka. Ifike kwa afisa ushirika wa wilaya mapema, ikiwa na makisio ya fedha zinazoingia na kutoka kwa miezi mitatu ijayo, orodha ya mikopo chechefu, na ripoti ya karibuni ya kamati ya usimamizi. Ikiwa ripoti hiyo haipo, anzeni na kuiandaa.