Matunzo ya mbwa na pusi kwa mwenye franga kidogo: maana yake ni nini

Ukitaja msaada wa matunzo ya wanyama wa nyumbani ku Katuba ao ku Kenya, komini za hapa Lubumbashi, wengi watakuangalia tu, juu watoto hawajalipiwa minervali na wewe unaleta habari ya sindano ya mbwa. Lakini jambo lenyewe si gumu kuelewa: ni mpango wowote unaomwezesha mwenye mbwa ao pusi apate chanjo, dawa ya minyoo, kufunga uzazi na matibabu ya kawaida kwa bei ile mfuko wake unaweza, halafu ile inayobaki inalipwa na mwengine. Mwengine huyo anaweza kuwa shirika, serikali, shule ya maveterinere, ao wateja wenye uwezo wanaolipa bei kamili ku klinike ileile. Kwa hiyo si bure kila mara, saa ingine unalipa nusu, saa ingine unalipa kidogokidogo kila mwezi.

Na hapa Lubumbashi mbwa iko na kazi. Lupango nyingi hazina ukuta wa maana, wezi wanapita usiku, mlinzi wa kulipwa ni wa wenye nazo, basi mbwa njo anabweka mpaka asubuhi na mshahara wake ni bukari iliyobaki na vichwa vya samaki. Pusi naye anachunga mfuko wa unga panya wasiutoboe. Mama anayeuza makala akisema hana franga ya veterinere haina maana hampendi mnyama wake, franga haipo tu, na kumwambia "kama huna uwezo usifuge" ni kumwambia alale bila ulinzi. Mimi maneno hayo yananiuma kila nikiyasikia.

Sababu kubwa ya kusema hii si anasa ni kichaa cha mbwa. Kila mwaka ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 duniani, karibu wote ni Afrika na Asia, na kwa binadamu hadi asilimia 99 ya visa vinatoka kwa mbwa. Kati ya wale wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15, yaani walewale wanaocheza na mbwa mu avenyu na ambao saa ingine wanaogopa kusema ku nyumba kwamba wameumwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, hapo ni kifo karibu kila mara. Mtu akiumwa anatakiwa kuosha kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15 nzima halafu kukimbia hospitali palepale siku ileile, na huko atadungwa sindano zaidi ya moja, kwa siku mbalimbali, na kidonda kikiwa kibaya wanaongeza serumu ya kupinga kichaa. Piga hesabu mwenyewe: sindano moja ya mbwa, ao sindano zote zile za mtoto pamoja na transpo ya kila siku ya kurudi. Shirika la Afya Duniani linasema chanjo ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Sasa asilimia 70 utaipata wapi kama wanaochanja ni wale wa mu villa peke yao? Hapo njo utaona kwamba ukimsaidia maskini kuchanja mbwa wake unalinda kartie nzima, mpaka yule tajiri na watoto wake.

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea, Maria Dickin alifungua chumba cha chini ya nyumba mu Whitechapel, kartie ya maskini ya London, akaanza kutibu bure wanyama wa watu wasio na kitu, na mpaka leo shirika alilolianzisha, PDSA, liko na hospitali zake Uingereza kwa ajili ya watu wanaopokea misaada fulani ya serikali. Marekani nako usifikiri kila mtu anaweza, utafiti wa 2018 ulikuta zaidi ya robo ya nyumba zenye wanyama zimepata shida kufikia veterinere, na kizuizi cha kwanza kilikuwa pesa. Huko wako na klinike za bei ya chini, vocha za kufunga uzazi, chakula cha wanyama kinachogawiwa pamoja na chakula cha watu. Yote hayo yako kwao, siwezi kusema tuyabebe vile yalivyo.

Kitu kimoja lakini ningependa kila veterinere wetu akichukue, nacho ni kupanga matibabu kulingana na uwezo wa mtu. Veterinere haanzi na kipimo cha bei kubwa halafu mtu akishindwa anamrudisha mikono mitupu. Anamweleza: iko njia hii ya bei kubwa, iko hii ya katikati, na iko hii ya chini ambayo bado inamsaidia mnyama, chagua tuendelee. Angalia mbwa mwenye upele, ule unaomtoa manyoya masikioni na ku viwiko, anajikuna mpaka damu. Watu wengi wanampaka mafuta ya vidanji, yale meusi yaliyotoka mu injini, juu ni ya bure na jirani alisema yanaponya. Yale mafuta yanaunguza ngozi, na mbwa akijilamba sumu inaingia tumboni. Dawa ya kweli ya upele ipo na mara nyingi haihitaji maabara, inahitaji mtu aliyesoma aangalie, apime uzito na atoe kipimo sahihi. Vilevile kidonge cha parasetamoli ambacho mtu anampa pusi kwa upendo kabisa akimuona anatetemeka: kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Ushauri wa dakika tano, wa bure ao wa franga kidogo, ungezuia yote hayo, na ushauri ni sehemu ya matunzo sawa na sindano.

Tena parvo, ile inayomaliza watoto wa mbwa: anakataa bukari, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiishasikia hauisahau. Kumtibu ni serumu mu mshipa siku kadhaa, mtu kukaa naye, na bado wengi wanakufa. Chanjo yake inaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 ao 4 mpaka afike wiki 16. Kwa hiyo msaada wenye akili unaweka pesa ku chanjo kwanza.

Bon, kwetu inawezekana namna gani? Chuo Kikuu cha Lubumbashi iko na fakilte ya tiba ya wanyama, na pahali pengi duniani shule kama hizo njo zinatibu wanyama kwa bei ya chini, juu wanafunzi wanahitaji kujifunza mkono kwa mkono na profesa anasimamia. Halafu iko shida ya baridi: chanjo inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, na umeme ukikatika frigo inapata joto, basi muulize veterinere wako anaichunga namna gani bila kuona haya, ni haki yako. Na iko njia ambayo hata shirika haliihitaji. Chanjo ya kichaa inauzishwa pia mu chupa ya dozi 10, na chupa ikishafunguliwa haikai sana. Mtu mmoja akimwita veterinere kwa mbwa mmoja, bei inapanda, transpo yote iko juu yake. Lakini majirani wa avenyu moja wakichanga kama likelemba, mbwa 10 wakaletwa asubuhi moja kila mmoja na kamba yake, chupa inaisha palepale na transpo inagawanyika. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wale wa chini ya miezi 3, juu mu kampeni za kichaa nao wanachanjwa. Na kila mtu adai kadi yenye tarehe, jina la chanjo na sahihi ya veterinere, iwekwe pamoja na karatasi zingine za nyumba, juu siku mbwa akimuuma mtu, kadi hiyo njo itaombwa kwanza.